Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Kuna dubu ambaye nimemtafuta kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Alikuwa dubu wa katuni, mnene, mwenye kofia isiyomtosha, na kazi yake yote ilikuwa kufunga dirisha lililokataa kufungwa. Akishusha kioo cha juu, cha chini kilipanda. Akikandamiza cha chini kwa makalio, cha juu kilimwangukia kofiani. Mwishowe alichoka, akatugeukia sisi watazamaji, akatupungia mkono wa kushoto, kisha akatoka nje kulala uani. Nimewauliza watu wa rika langu habari zake na hakuna anayemjua. Dada yangu peke yake ndiye anayemkumbuka, ila yeye hushikilia kwamba hakuwa dubu bali mbwa, na kwamba mkono aliotupungia ulikuwa wa kulia.

Siwastahi sana watu wazima wanaozungumzia utoto wao kwa sauti ya kubembeleza, kana kwamba njaa ya zamani ilikuwa tamu kuliko shibe ya leo. Nisingemtafuta dubu kwa ajili ya dubu. Namtafuta kwa sababu jioni ileile, baada yake, ilionyeshwa picha nyingine, na ulifika wakati ambapo dada yangu alitaka kuiamulia nyumba yake kwa picha hiyo.

Wakati huo, mapema katika miaka ya sitini, tuliishi Kaloleni, mjini Kisumu, katika nyumba ya baraza la mji. Baba alikuwa mpakiaji wa shehena bandarini, akafa kwa homa ambayo watu wa hospitali hawakutuambia jina lake. Tulikuwa bado tumenyolewa vichwa kwa matanga gari la sinema lilipokuja uwanjani. Lilikuja mara chache kwa mwaka: gari la kijani lenye vipaza sauti viwili juu ya paa, na ndani yake mitambo ambayo hatukuruhusiwa kuisogelea. Vijana wa gari walisimika milingoti miwili, wakafunga kitambaa cha marikani katikati, nasi tukangoja giza liingie.

Kukaa uwanjani kulikuwa na utaratibu wake. Wazee waliketi mbele, kwenye viti walivyobebewa kutoka nyumbani. Nyuma yao, nyasini, waliketi akina mama na wasichana na watoto wachanga. Sisi wavulana tulifukuzwa huko na askari mmoja wa baraza mwenye fimbo, tukazunguka kitambaa na kukaa upande wa pili. Marikani ilikuwa nyepesi, na picha ilipenya hadi kwetu, hafifu kidogo lakini kamili. Hatukuona kwamba tumepungukiwa na chochote. Kwa kweli tuliwahurumia walio mbele, maana wao walikuwa na wazee wa kuwaambia wanyamaze.

Filamu zile zilikuwa za Kiingereza, lakini hakuna aliyekisikia. Juu ya paa la gari alisimama msemaji, bwana mwenye koti la kaki na sauti ya kuamsha kijiji. Yeye ndiye aliyetueleza kinachotokea, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kijaluo, akitania huku na kuonya huku. Tulimwamini kuliko macho yetu.

Baada ya dubu, kulitokea maandishi ambayo mimi, niliyekuwa nimeanza kusoma mwaka huo, sikuweza kuyafumbua. Herufi nyingine nilizifahamu, nyingine zilikuwa za ajabu, zimegeuza mgongo. Kisha akaja mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani na mtoto mgongoni. Alitembea kwa muda mrefu katika nchi ya mawe, hadi akafika njia panda, akasimama.

“Mnamwona huyu mama?” msemaji alinguruma. “Bwana yake amekufa. Amebaki hivi, kama kuku bila banda. Sasa sikizeni. Hii njia ya kulia inakwenda kwa shemeji yake, kwa boma, kwa ng'ombe. Hii ya kushoto inakwenda mjini, kwa reli. Atapita wapi?”

Uwanja mzima ulipiga kelele. Kila mtu alikuwa na ushauri kwa yule mwanamke. Naye akamkaza mtoto mgongoni, akageuka, akaishika njia. Nilimwona kwa macho yangu mawili: alikwenda kushoto. Makofi yalilipuka upande wa mbele. Hatukujua kama angefika, wala kama angejuta, kwa kuwa mvua ya ziwani iliwasili wakati huohuo bila hodi, upepo ukang'oa mlingoti mmoja, na yule mwanamke akakunjwa pamoja na marikani yake na kutupwa garini.

Wiki hiyohiyo, kaka yake baba alivuka ghuba kwa meli kuja kutuchukua. Alikuja kwa mujibu wa desturi tunayoiita tero: mjane hukabidhiwa kwa ndugu wa marehemu, ili nyumba isizimike. Mama alimkaribisha, akampikia samaki, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba hatakwenda. Baraza lilipoitaka nyumba yake, alitupakia kwenye mkokoteni na kutuhamishia mtaa wa Manyatta, kwenye chumba cha udongo, akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Katika akili yangu ya kitoto mambo hayo mawili yalishikana kama mpini na jembe. Mwanamke wa marikani alikwenda kushoto, Mama akamfuata.

Nilikua na picha hiyo. Nikawa mwalimu, nikaifundisha bila kuitaja jina, maana sikulijua. Niliwaambia wanafunzi kwamba sanaa njema humpa mnyonge ujasiri, na mfano wangu ulikuwa mjane mmoja aliyetazama picha na kuikataa mila. Sikusema kwamba mjane huyo alikuwa mama yangu.

Kisha, karibu na mwisho wa miaka ya sabini, dada yangu akafiwa.

Aliolewa Kombewa, kwa fundi seremala mpole, naye fundi huyo akafa na kumwachia watoto watatu, nyumba ya bati na shamba la mtama. Matanga yalipokwisha nilikwenda kumwona. Nilimkuta anapepeta mtama, na ng'ambo ya ua kaka yake marehemu alikuwa ameinama akitia kiraka tairi la baiskeli yake. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi. Alinisalimu kwa adabu, akarudi kwenye tairi lake.

“Wamenipa hadi mtama wa shambani uishe kuvunwa,” dada aliniambia. “Nitakubali.”

Nilimwambia yale ambayo mtu wa aina yangu husema. Nikamtajia mama yetu. Nikamtajia yule mwanamke wa njia panda.

Akaweka ungo chini. “Omera, ndugu yangu, huyo mwanamke alirudi kwa shemeji.”

“Alikwenda mjini. Kushoto.”

“Kulia. Nilikuwa nimekaa na Mama, kichwa changu kwenye paja lake. Msemaji alisema kulia ni kwa shemeji, na huyo mama akaenda kulia.”

“Ulikuwa umesinzia.”

“Na wale wazee wa Kaloleni walipiga makofi ya nini? Wewe mwalimu, niambie. Mzee wa kiti cha mbele ampigie makofi mjane anayetoroka?”

Nikasema kwamba makofi hayathibitishi chochote. Alicheka, kicheko kikavu, kisha akasema jambo ambalo tangu hapo halijaniacha.

“Mama hakutazama vizuri. Angetazama vizuri tungekuwa na ng'ombe. Mimi nilitolewa shule niuze omena ili wewe usome, na leo wewe uliyesoma unakuja kunisomea. Mimi watoto wangu siwezi kuwafanyia hivyo kwa sababu ya sinema.”

Nilirudi Kisumu nikiwa sina raha hata ya kukaa kitini. Nilijua, au nilidhani nilijua, kwamba nikiipata filamu ile nitampa dada yangu ushahidi, na ushahidi utampa ujasiri. Muda niliokuwa nao ulikuwa unaiva mashambani. Kila nilipopita kando ya barabara na kuona masuke yakiinama, niliharakisha hatua.

Nilikwenda kwanza kwenye ofisi iliyokuwa ikiazima filamu kwa shule. Nilimweleza kijana wa zamu habari za njia panda, kitambaa cheusi, nchi ya mawe. Akauliza lugha yake. Nikamchorea kwenye vumbi la meza zile herufi zilizonikaa kichwani: R iliyotazama nyuma, N iliyolala kinyume.

“Hii ni Kirusi, mwalimu,” alisema kwa uhakika.

Nikaamini papo hapo. Hospitali kubwa ya mji wetu haikujengwa na Warusi? Kwa nini basi wasilete na filamu? Sikujiuliza hata mara moja kwamba tulitazama picha ile kabla jiwe la kwanza la hospitali halijawekwa. Mtu aliyekwisha kujua anachotafuta hukosa hata adabu ya kuhesabu miaka. Nikaanza kuwafuata watu waliosomea huko Ulaya ya Mashariki, nikiwaomba wanitajie filamu ya mjane wa njia panda. Walinitajia filamu za vita na za matrekta. Mmoja aliniuliza, kwa upole uliouma, kama nilikuwa nalala vizuri.

Ndipo nikasikia kwamba yule msemaji wa gari la sinema yu hai, amestaafu, na anakaa karibu na soko la Kombewa. Nilimkuta kwenye kibaraza cha kinyozi, amenenepa, koti la kaki bado mwilini. Sauti haikuwa imepungua.

“Filamu ya mjane?” alisema, akamgeukia kinyozi. “Huyu mwalimu anataka filamu ya mjane! Hakuna kitu kama hicho, bwana. Kulikuwa na picha ya mama mmoja na njia. Mjane ni wangu mimi.”

“Wako vipi, Mzee?”

“Maneno ni yangu! Sauti ya sinema tuliizima, nani angeelewa Kiingereza cha puani? Mahali pengine nilisema anapeleka mtoto kliniki. Mahali pengine nilisema ametoka kuchimba choo. Kaloleni wazee walinivuta kando, wakasema, kijana, hapa wajane wameanza kutushinda, sema neno. Nikasema neno.”

“Lakini filamu yenyewe ilihusu nini?”

“Nitajua aje? Zilikuja kwa mikebe, zikarudi kwa mikebe.”

“Na alikwenda upande gani? Kulia au kushoto?”

Alifikiri, au alijifanya kufikiri, huku kinyozi amesimamisha mkasi ili asikie. “Alikwenda penye makofi,” alisema, na wote wawili wakacheka hadi mteja aliyekuwa kitini akalalamika kuhusu sikio lake.

Nilitembea hadi stendi nikiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa kitu ambacho hakijawahi kuwa chake. Filamu niliyoitafuta haikuwapo. Kilichokuwapo ni mwanamke fulani, wa nchi fulani, aliyekuwa na shughuli zake, na mtu mmoja juu ya paa la gari aliyemtwika msiba. Lakini hata hivyo nilishikilia kushoto kwangu. Maneno yawe ya nani, miguu ilikuwa yake.

Mtama ulikuwa umeanza kukatwa mashambani tulipoletewa filamu ya usafi wa meno shuleni kwetu. Tulitundika shuka katika mlango mpana wa ukumbi na kuwaketisha watoto ndani. Joto la ukumbini lilinishinda, nikatoka kwa mlango wa pembeni na kuzunguka hadi nje, nikajikuta nimesimama uani, shuka i mbele yangu na watoto wako upande wa pili. Kwenye shuka kijana mmoja alikuwa akipiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimemwona sekunde chache zilizopita, ukumbini, akiushika kwa mkono wa kulia.

Kisha yakaja maandishi. R ilitazama nyuma. N ilikuwa imelala kinyume. Kirusi changu chote kilikuwa hapo, kikiwaamuru watoto wa Kisumu wasugue meno asubuhi na jioni.

Nilibaki pale hadi shuka ikawa nyeupe. Sisi wavulana wa upande wa nyuma tuliona kila kitu kinyume, na hatukuwa na namna ya kujua, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukaa pande mbili kwa wakati mmoja. Msemaji alisimama mbele, akasema kulia akimaanisha kulia kwa wazee. Mwanamke alikwenda kulia, kwa shemeji, na makofi yalikuwa ya wenye viti. Mimi niliyesikia maneno ya mbele nikiwa nimekaa nyuma nilimpeleka mjini peke yangu.

Yaani dada yangu alikuwa sahihi, hata kuhusu mkono wa dubu. Jumamosi nilikwenda Kombewa kumwambia, kwa sababu ukweli hauachi kudaiwa ati umekuja na hasara. Alinisikiliza bila kushangilia.

“Basi imekwisha,” alisema. “Mama alikosea njia.”

Hapo ndipo nilipoona lile ambalo hasira ya kutafuta ilikuwa imenificha. “Mama alikuwa amekaa wapi?” nilimuuliza.

“Si nimekwambia, nilikuwa na kichwa kwenye paja lake. Mbele.”

Tulitazamana. Mama alikuwa mbele. Mama alimwona akienda kulia.

Kwa nini hatukuwa tumemuuliza siku zote hizo? Kwangu mimi ilikuwa haya: mwana wa kiume hamuulizi mama yake habari za tero, kama vile haingii chumbani mwake. Kwa dada ilikuwa kinyongo. Tangu alipotolewa shule, yeye na Mama walizungumza habari za unga na sabuni tu. Lakini siku hiyo alimwachia jirani watoto, akajifunga leso, tukapanda gari pamoja hadi Manyatta.

Tulimkuta Mama mlangoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua omena na kuondoa changarawe. Dada hakungoja hata chai.

“Mama, unaikumbuka ile sinema ya Kaloleni? Ya mama wa njia mbili?”

“Ile mvua iliharibu?”

“Hiyo. Alipita wapi?”

“Alirudi kwa shemeji,” Mama alisema bila kuinua macho. “Alienda kulia, kama mbuzi amesikia chumvi.”

“Na wewe uliona?”

“Mimi ni kipofu?”

“Basi mbona wewe ulikataa?”

Mama akainua macho, akatutazama sote wawili, na nadhani aliona kwamba hatukuwa tumekuja kuzungumzia sinema.

“Yule alikuwa picha,” alisema. “Mimi nilikuwa na watoto wawili. Nilipoona wale wazee wanapiga makofi, nikasema, ala! Hata sijaamua, tayari wameshaanza kufurahi? Nikawaacha wafurahi na picha yao.”

“Nilitolewa shule, Mama.”

Mama aliokota changarawe moja, akaitazama, akaitupa.

“Ulitolewa. Mimi ndiye nilikutoa. Hilo usiulize sinema, niulize mimi.” Sauti yake haikuwa ya kujitetea. “Mvua ikinyesha na nyumba hii ikivuja, nilijuta. Nilijuta kwa ajili yako kuliko kitu kingine. Lakini asubuhi nikiamka nilikuwa mwenye nyumba. Yote mawili ni kweli, mwanangu. Sikuambii ufanye kama mimi. Nakuambia uangalie kwako. Huyo shemeji unamtaka?”

“Si mbaya.”

“Sijauliza kama ni mbaya.”

Dada alivuta ungo kutoka magotini mwa Mama, akaanza kuchambua. Nilitaka kusema neno, maana nilikuwa na mengi, Mama akanitangulia. “Wewe mwalimu, nenda ukatuletee sukari.” Nikaenda. Niliporudi walikuwa wameingia ndani, wanazungumza kwa sauti ya chini, Kijaluo kitupu, vichwa vyao vimekaribiana juu ya omena, nami nikakaa na sukari nje, kwenye kigoda.

Dada yangu hakwenda kulia wala kushoto. Alirudi Kombewa, akamaliza kuvuna, kisha akamwita shemeji yake mbele ya wazee na kumwambia kwamba hatarithiwa, na kwamba pia haondoki. Nyumba ni ya watoto, na yeye ni mama yao, basi. Walimtisha kwa chira, laana imfuatayo avunjaye mwiko. Walimtisha kwa shamba. Shemeji alichukua baiskeli yake, na msimu mzima hakupita mbele ya ua ule. Msimu uliofuata alipita, akasalimu. Bati la nyumba ile limeshika kutu sasa, na dada yangu bado analala chini yake.

Mfano wa mjane aliyepewa ujasiri na picha nimeacha kuufundisha. Bado naamini kwamba sanaa njema ina nguvu, lakini nimejifunza kuuliza kwanza nani amesimama juu ya paa, nani anapiga makofi, na mimi mwenyewe nimekaa upande gani wa kitambaa. Hata hivyo sijatulia. Mwanamke yule alikuwa akienda mahali, kwa haja yake mwenyewe, na hakuna mmoja wetu aliyejua wapi. Nikiona filamu ya zamani yenye nchi ya mawe, mpaka leo husogeza kiti.

Mwaka huu nilimwambia dada kwamba nimekubali: dubu alitupungia mkono wa kulia.

“Mbwa,” alisema.